Sakitu Kwenye Sukuma ya Winrose

Kila asubuhi kabla ya chai, Winrose alishuka bondeni na jagi la kijani kuchota maji ya kunawa kwenye pipa lililokuwa kando ya bustani yake. Alikuwa na kawaida ya kuinama kwanza na kupitisha kiganja juu ya majani ya sukuma wiki, polepole, kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto aliyelala. Alhamisi hiyo baridi ilimkimbiza, akaanza na maji. Jagi likagonga kitu kigumu.

Maji yalikuwa na kifuniko. Akagonga tena, na kitu chembamba kama kioo cha dirisha kikapasuka. Akatoa kipande na kukiinua mbele ya macho. Ndani yake lilikuwa limelala jani moja la mti, na mishipa yake yote ikionekana. Kipande kile kilimuuma vidole lakini hakukiachia. Alizaliwa Naivasha, kwenye vyumba vya kupanga vya wafanyakazi wa mashamba ya maua, na barafu pekee aliyoijua ilikuwa ya friji la dukani.

Ndipo akainua uso. Bonde lote la chini lilikuwa jeupe. Kila unyasi ulikuwa umevaa punje zake, mmoja mmoja, kana kwamba mtu alikesha akizipanga kwa mkono. Utando wa buibui kwenye seng'enge ulikuwa umekuwa mnene kama uzi wa sweta. Hapakuwa na upepo wala ndege. Alipopiga hatua, nyasi zilivunjika chini ya gambuti zake kwa sauti ndogo, akasimama, akiona haya kukanyaga. Alitamani Kipngetich, mume wake, angekuwa pale badala ya kuwa kazini Rongai kwenye ghala la mahindi. Alitamani kumwonyesha mtu yeyote.

Kisha akakumbuka mboga zake.

Sukuma zilikuwa zimelala chini, majani yamekuwa mazito na ya kung'aa kama yaliyochemshwa. Maharagwe yalikuwa yamejikunja. Winrose alichuchumaa katikati ya matuta na jagi tupu mkononi, na ule uzuri wote ukamgeuka kifuani.

Maana Jumamosi ilikuwa kesho kutwa. Tangu aolewe huku Mau Narok, miezi minane sasa, kila jioni alipanda hadi jikoni kwa mama mkwe wake, Jepkemei, na sufuria tupu. Jepkemei aliichukua, akaenda nyuma ya zizi, akairudisha imejaa mboga, na hakusema neno. Winrose naye alisema asante, akishindwa kupata neno la pili. Ndiyo sababu alilima. Jumamosi angekata majani ya kwanza, ayafunge kwa kamba ya mgomba, aingie jikoni mle mikono ikiwa imejaa. Hakumwambia mtu, hata Kipngetich.

"Winrose, umemwaga unga?"

Alikuwa Wangu, jirani, aliyesimama nje ya seng'enge na mtungi wake wa maziwa, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi.

"Sijui ni nini, mama."

"Haki, msichana wa Naivasha. Ni sakitu hiyo, umande ulioganda. Hapo ulipolima, hata sungura hulala na sweta." Wangu akacheka, kisha akaona uso wa Winrose, akaacha. Akageukia juu na kuita, "Mama Kip! Hebu shuka. Mtoto wako analima kwenye friji."

Jepkemei alishuka bila haraka, leso mabegani juu ya koti la mumewe marehemu. Hakumsalimu mtu. Alishika jani moja la sukuma kati ya vidole viwili.

"Ulimwagilia saa ngapi?"

"Jioni."

"Kila jioni?"

"Kila jioni, Mama. Kwetu jua ni kali, mama yangu alinifunza jioni."

Jepkemei akatazama juu ya kilima. Jua lilikuwa limeshika miti ya kileleni na mwanga wake ulikuwa ukiteremka, mstari mmoja wa dhahabu, polepole, kuelekea bondeni.

"Likizikuta hivi zimekwisha," alisema. "Maji ya kisima. Si ya hilo pipa."

Winrose alikimbia. Maji ya kisima yalitoka yakifuka mvuke, na vidole vyake vilivyokufa ganzi vikayaona ya moto. Jepkemei alimwonyesha: unachovya mkono, unanyunyiza, unaiosha sakitu jani kwa jani kabla jua halijafika. Wangu aliweka mtungi chini, akaruka seng'enge akilalamika juu ya magoti yake, akachukua tuta la mwisho.

"Maziwa yangu yakichacha, nitawaletea nyinyi," alisema.

Waliendelea kunyunyiza. Mstari wa jua ulipita zizi. Ukapita mtungi wa Wangu. Walipofika mche wa mwisho, mwanga ulikuwa umefika kwenye gambuti za Jepkemei.

Bonde likaanza kudondosha maji. Weupe uliyeyuka kutoka juu kwenda chini, kila unyasi ukaachia tone lake, na ardhi yote ikafuka moshi. Wangu alichukua mtungi akaenda zake. Maharagwe yaligeuka meusi mbele ya macho yao. Lakini baada ya muda, jani moja la sukuma likatikisika bila upepo. Likajiinua kidogo. Kisha jingine, tuta zima, kama watu wanaoamka mmoja mmoja kanisani. Winrose aliziba mdomo kwa kiganja. Hakujua kwamba kitu kilicholala hivyo huweza kusimama tena.

Jepkemei alikata jani changa, akatafuna nusu, akampa nusu. Lilikuwa tamu, utamu wa kweli, kama wa sukari.

"Baridi huzifanya hivyo," alisema mama mkwe. "Zile zisizokufa."

Akajifuta mikono kwenye leso. Alikuwa akitazama matuta, si Winrose.

"Nilijua hapa pana sakitu. Sote tunajua, ndiyo maana ni pa nyasi tu. Nilikuona ukilima, nikasema nikuambie. Kila jioni ulipokuja na sufuria nilisema leo namwambia. Lakini umekuja kulima huku chini, mbali kabisa na mimi. Nikafikiri umechoka na mboga zangu. Nikafikiri, nikisema, utaona nakuingilia." Akamgeukia. "Kwani mboga zangu zina nini?"

Winrose alitazama gambuti zake. Masikio yalimwaka. Akakumbuka jioni zote zile kwenye mlango wa jikoni. Tone likadondoka kutoka kwenye jani, likafuatwa na jingine.

"Hazina ubaya," alisema. "Nililima ili Jumamosi nikuletee wewe, Mama. Nilitaka mara moja tu, wewe ndiye upokee."