Damu Iliyopanda Ndege

Damu ya Nono ilipanda ndege pale uwanja wa Luano. Mimi na miaka yangu yote hapa Lubumbashi, ndege nazisikia tu zikipita juu ya bati.

Nono ni mke wa mdogo wa mume wangu. Tunakaa ua mmoja Katuba, pamoja na mama mkwe wetu, Mama Laurentine, na mwaka huu tulishika mimba karibu wakati mmoja. Mimba ya kwanza ya Nono iliharibika kwa presha, kwa hiyo safari hii daktari alimtoa damu mapema, ikaenda kupimwa nchi za nje. Majibu yakasema kondo la mtoto halikujishika vizuri, presha inaweza kumpanda tena. Basi! Kidonge kidogo cha aspirini kila jioni, kiti chenye mto, samaki wa ziwani kutoka Kilwa. Yeye mnofu, mimi mkia.

"Na miye, mama, habatapima damu yangu?" niliuliza.

"Weye Marceline uko nguvu," alijibu mama mkwe. "Unazalaka bila matata. Leta maji."

Nikaleta maji. Nilikuwa na hasira hadi kichwa kikaniuma, na hakikuacha tena kuuma. Miguu ikavimba, viatu vikagoma. Majirani walisema nimenawiri, nami nikafurahi, maana Nono alikuwa mwembamba.

Kilichoniudhi zaidi ni kile kipimo cha presha alichonunuliwa na mumewe. Kila jioni anafungwa mkono, na mama mkwe anatangaza namba kwa Kifaransa mpaka nje ya ua: "Onze!" Kumi na moja, maana sifuri ya mwisho hapa hatuisomi. Majirani wanapiga makofi. Siku iliyofika "Douze!", kumi na mbili, wakapiga makofi vilevile. Mimi hakuna aliyewahi kuushangilia mkono wangu, na ndio unaobeba beseni.

Jumapili moja Nono alikuwa anaoga. Nikakaa kwenye kiti chake, mto na vyote, nikajifunga kile kitambaa, nikabonyeza. Kikanibana, kikaachia. Nikasoma kumi na saba, nikapiga kelele kwa furaha.

"Mama! Dix-sept! Miye niko na dix-sept, Nono iko na douze tu! Nimemupita!"

Mama mkwe akaanza kupiga makofi. Kweli, alianza. Nono akatoka bafuni amejifunga kikwembe, maji yakimtiririka, akaangalia namba, halafu akaangalia miguu yangu.

"Yaya, usiinuke." Ndivyo anavyoniita, dada mkubwa, na sasa alinishika bega. "Kichwa inakuuma?"

"Tangu zamani."

"Mama, ita taxi, mbio! Hii ndiyo ilinikamataka miye. Ndiyo iliua mutoto wangu."

Nilipasuliwa jioni ileile. Binti yangu alikuwa hajatimiza miezi yake. Wamemlaza kwenye sanduku la kioo, na mirija imemfunika uso hata sijui amefanana na nani. Sasa nina mto, nina mnofu wa samaki, na mama mkwe anauliza presha yangu kwa sauti ya chini. Hakuna anayepiga makofi.

Leo Nono ameniletea uji. Alipoinama kuweka thermos, tumbo lake liligusa kitanda changu. Akauchukua mkono wangu, akauweka juu yake, nadhani alitaka kunifariji. Mtoto akapiga teke, huko ndani, mahali pake.

Sijawahi kumwonea Nono wivu kama leo. Nikauondoa mkono.