Wingu Juu ya Nyumba Hii

Muthoki alipata arobaini na nane kwenye mtihani wa majaribio, na Mwalimu Shee alikuwa ameshasema wazi: aliye chini ya hamsini hataandikishwa kufanya mtihani wa taifa wa Fasihi ya Kiingereza. Alama mbili tu! Zilipotelea kwenye swali la nne. Katika ile tamthilia ya Waingereza wa kale, malkia anamwambia mumewe, "Umekuwa wingu juu ya nyumba hii." Eleza. Muthoki alieleza kwamba mume anasifiwa, kwa kuwa ameleta matumaini. Shee akaweka X nyekundu na kuandika pembeni: huzuni.

Darasa likamcheka. Muthoki hakuona haya, aliona ajabu.

"Mwalimu, huko kwa malkia mvua inanyesha mara ngapi?"

"Karibu kila siku."

"Na sasa hao watu wakiona wingu wanakasirika?"

"Kaa chini, Muthoki."

Alikaa, lakini swali halikukaa.

Asubuhi iliyofuata, hapo kijijini Nuu, shule nzima ilisimama kwenye vumbi la paredi. Ulikuwa mwaka wa 1984, mvua imekosa, na barabara ya Garissa imejaa ng'ombe wa kuuzwa, mbavu nje. Mwalimu mkuu, Mzee Mwangangi, ambaye hakujua sala fupi ni nini, alimalizia kama alivyomalizia kila siku:

"Bwana, tandaza wingu juu ya nyumba hii!"

"Amina!"

Shee hakuwa wa kanisa lolote. Alikuwa Mwislamu wa Lamu. Lakini kiu haina dhehebu, naye aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Ndipo akashtuka. Alipogeuka, alimkuta Muthoki amemkodolea macho wakati wenzake wote wamefumba.

Baada ya paredi alimwita, akaifuta ile X.

"Hamsini. Lakini anayesahihisha mtihani wa taifa simjui, wala hajawahi kusimama kwenye paredi yetu. Huko andika huzuni. Umesikia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

Novemba, kwenye mtihani wa taifa, wingu la malkia likaja tena. Muthoki akaandika huzuni, nusu ukurasa, safi kabisa. Angeweka kalamu chini hapo, angekuwa salama. Moyo ukamkatalia. Kengele ikikaribia, akaongeza mstari mmoja:

"Kwetu Nuu, mke humwambia mumewe hivyo siku anayompenda zaidi."