Siku Baba Pacha Alipowahi

Baba Pacha alikuwa fundi saa, na hakuna aliyewahi kumwona akifika mahali kwa wakati. Watu wa mtaani walisema ndiyo yale yale, mganga hajigangi. Yeye alikataa. Alisema tangu aanze kazi, saa zote zilizopita mikononi mwake zilikuwa mbovu, kwa sababu hakuna mtu anayempelekea fundi saa iliyo salama. Kwa hiyo alikuwa haamini saa yoyote mpaka aifungue tumbo.

Siku ya harusi yake alifika wageni wameshakula na wengine wameanza kuaga. Mkewe, Mama Pacha, fundi cherehani, alijifunza siku hiyo hiyo. Tangu hapo jambo likiwa la saa nne, alimwambia mumewe ni saa tatu. Ilisaidia kwa muda. Halafu Baba Pacha akagundua. Hakuuliza wala hakulalamika, alianza tu kufanya hesabu yake kimya kimya: akiambiwa saa tatu, anajua ni saa nne, anafika saa nne na nusu. Waliishi hivyo, wakasomesha, wakazika wazee, wakaozesha, na hawakuwahi kulizungumza jambo hilo hata mara moja. Kuna mambo katika ndoa ukiyasema yanaharibika.

Pacha wao wa kike alikuwa dobi katika kampuni moja ya meli za watalii, zile kubwa kama hoteli, zinazozunguka bandari hii na ile watu wakila na kulala humo humo. Kampuni ilimpa nafasi tatu za kuwasafirisha wazazi, ingawa yeye mwenyewe alikuwa kazini kwenye meli nyingine. Ya tatu ikawa ya Bibi, mama mzazi wa Baba Pacha, ambaye miguu yake ilikuwa imechoka lakini mdomo bado.

"Nitakwenda," alisema Bibi. "Lakini msije mkaniacha huko."

"Hatukuachi, Mama," alisema Mama Pacha.

Neno hilo Bibi hakulianza siku hiyo. Tangu ahamie kwao alikuwa akimwambia mkwe wake, "Siku moja mtaniacha." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetazama mawingu na kusema leo itanyesha. Na kila mara Mama Pacha alimjibu, "Hatukuachi." Mwanzoni alijibu kwa adabu. Miaka ilivyokwenda, akawa anajibu kwa sababu alitaka iwe kweli.

Wakiwa safarini, usiku kabla ya bandari ya tatu, Mama Pacha alikwenda kwa dada wa mapokezi kuuliza habari za kushuka. Dada yule alikuwa na tabasamu lisilotoka.

"Mkienda na mabasi yetu, basi likichelewa, meli inasubiri," alisema.

"Na tukienda wenyewe?"

"Mnaruhusiwa kabisa."

"Tukichelewa?"

"Meli inaondoka. Saa kumi jioni kila mtu awe ndani, ngazi inatolewa. Na mfuate saa za meli, Mama. Sisi hatubadilishi, hata huko nchi kavu wakiwa na saa zao."

Mama Pacha alishukuru, akaondoka amelishika lile la saa kumi. Lile jingine lilimpita sikioni, maana kwao saa ilikuwa kazi ya mumewe.

Mabasi ya meli yalikuwa yanakwenda kuonyesha watu bustani. Baba Pacha hakutaka bustani. Katika mji huo aliishi fundi saa mwenzake ambaye kwa miaka mingi walitumiana vipuri kwa posta, springi huku, vioo kule, na hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Nyumbani walimwita Fundi Vifurushi. Kupita bandarini kwake bila kumsalimia ingekuwa aibu.

Kwa hiyo Mama Pacha aliamua kufuatana na mumewe, kama askari anavyofuatana na mahabusu. Bibi angebaki. Ngazi ya meli ilikuwa ndefu, na yeye alisema maji anayaona vizuri kutoka dirishani.

"Tutarudi mapema, Mama," alisema Mama Pacha akimwekea dawa na biskuti mezani.

"Wewe utarudi," alisema Bibi. "Huyo nimemzaa mimi."

Walipofika mlangoni, Baba Pacha aliuliza mwisho wa kurudi ni saa ngapi.

"Saa nane," alisema Mama Pacha.

Alikuwa hajawahi kumficha masaa mawili kwa mkupuo. Dhamiri ilimchoma kidogo, lakini akajiambia hii si harusi wala kikao cha wazazi, hii ni meli. Akaona amejiwekea akiba ya kutosha. Baba Pacha naye alitikisa kichwa kwa upole, na kichwani mwake akaandika saa tisa.

Duka la Fundi Vifurushi lilikuwa upande wa pili wa mji, chumba kimoja chembamba, kuta zote saa. Mwenyewe alikuwa mtu mrefu aliyejikunja, kioo cha kazi kimembana jichoni, na hakukitoa hata alipowakumbatia.

"Fundi mwenzangu! Na shemeji! Karibuni, karibuni. Shemeji, kaa hapo, sogeza hiyo saa, haina kazi."

Mafundi wawili wakaanza na springi. Kutoka springi wakaenda kwenye mafuta, kutoka mafuta wakaingia kuwasema wateja. Wakafungua kitu kidogo, wakainamia wote wawili, wakanyamaza kama watu wanaoswali. Mama Pacha alikaa kwenye kigoda akisikiliza kuta zikigonga, kila moja kwa wakati wake. Alikunywa chai. Alishona kifungo cha koti la mwenyeji kilichokuwa kinaning'inia, kwa sababu kilimsumbua macho. Mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Samahani, shemeji," alisema. "Sasa hivi ni saa ngapi?"

Fundi Vifurushi alizitazama kuta zake kama mtu aliyeulizwa kwa ghafla idadi ya watoto wake.

"Ile kubwa inasema saa tano," alisema Mama Pacha akimsaidia.

"Hiyo usiisikilize, inasinzia."

"Na hii ya mbao? Saa kumi na mbili."

"Hiyo inakimbia. Nimeikanya, haisikii."

"Ile ya dhahabu?"

"Ile imesimama tangu mwenyewe afariki. Watoto wanagombania nani aje kuichukua."

"Kwa hiyo humu ndani hakuna saa inayosema kweli?"

"Ingekuwa inasema kweli, shemeji, ingekuwa humu inafanya nini?"

Baba Pacha alicheka mpaka akashika meza. Halafu akavuta mkono wa shati, akatazama saa yake mwenyewe, ambayo ndiyo pekee duniani aliyoiamini.

"Saa nane na nusu," alisema. "Bado tuna muda."

"Nilikwambia saa nane," alisema Mama Pacha.

"Uliniambia saa nane," alikubali Baba Pacha, akamtabasamia kama anavyotabasamiwa mtoto aliyejificha nyuma ya pazia huku miguu inaonekana.

Mama Pacha hakushtuka. Alijua mumewe anaongeza, na yeye alikuwa amepunguza zaidi ya anavyoongeza. Mpaka saa kumi bado kulikuwa na saa nzima na nusu. Akaanza kukusanya sindano zake taratibu.

"Saa nzuri hiyo," alisema Fundi Vifurushi akiinama juu ya mkono wa mgeni wake. "Inakwenda sawasawa na ya mnara wa soko letu."

"Nimeirekebisha asubuhi tuliposhuka," alisema Baba Pacha. "Ajabu, ilikuwa imetangulia saa nzima. Saa yangu mimi! Nikaona aibu, nikairudisha."

Sindano zilimwanguka Mama Pacha. Ndipo lile neno la dada wa mapokezi, lililompita sikioni usiku, likarudi lote na tabasamu lake. Saa ya mumewe haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa inafuata meli, na yeye alikuwa ameitoa huko na kuileta mjini.

"Inuka," alisema.

"Mbona ghafla?"

"Mwisho ni saa kumi, Baba Pacha. Saa kumi ya meli. Kwa saa yako hiyo ya mnara, ni saa tisa."

Baba Pacha alifikiri. "Basi tuko sawa. Mimi nilipanga saa tisa."

"Wewe saa tisa ndiyo unaanza kutafuta viatu! Inuka, Mama yuko peke yake kule! Wakiondoka naye atafanya nini? Hata mlango wa choo cha meli hawezi kuufungua!"

Hilo la mlango ndilo lililomwinua. Lakini kuinuka ni kitu kimoja na kuaga ni kingine. Fundi Vifurushi hakukubali mgeni aondoke mikono mitupu. Aliweka vipuri kwenye boksi dogo, akalifunga kwa karatasi, akakaza kamba, na kwa mazoea ya miaka akaanza kuandika anwani.

"Shemeji, tunakwenda nalo wenyewe!" alisema Mama Pacha, akalinyakua.

Katika teksi alikaa mbele, boksi mapajani.

"Bandarini? Ile meli kubwa?" aliuliza dereva. "Huwa nawapeleka wengi. Wengine nawarudisha wakilia."

"Endesha, baba."

Kwenye kiti cha nyuma Baba Pacha alikuwa amenyoosha shingo kutazama saa ya gari. "Hii imekwama," alisema. "Dakika mbili tu, ningekuwa na bisibisi."

"Usiiguse!" walisema mke na dereva kwa pamoja.

Barabara ilikuwa na foleni kwenye daraja, kisha ikafunguka. Mama Pacha hakuomba mengi. Aliomba ngazi tu. Akilini alimwona mama mkwe wake akipelekwa baharini na watu asiowajua, akisema kwa sauti ile ile isiyo na hasira kwamba yeye alishawaambia. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Bibi asingelia. Angeona tu kwamba mawingu aliyasoma vizuri.

Kwenye geti walishuka wakakimbia. Walipita kwenye vibanda, wakapita kwenye marundo ya mizigo, macho yao kwenye meli tu, Mama Pacha amekunja sketi kwa mkono mmoja na boksi kwa mwingine. Ngazi ilikuwepo. Vijana walikuwa wameshaanza kulegeza kamba zake.

Mlinzi alipokea kadi zao. "Saa kumi kasoro dakika mbili," alisema. "Nyinyi ndio wa mwisho."

Baba Pacha alitazama saa yake, akamtazama mlinzi.

"Nimewahi," alisema. Halafu, kama mtu aliyeshika kitu asichokijua jina, akarudia kwa sauti ya chini, "Mimi nimewahi."

Mlango wa chumba chao ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na mfanyakazi wa usafi akitandika vitanda vitatu upya. Dawa hazipo. Biskuti hazipo. Masanduku hayapo.

"Bibi yuko wapi?" aliuliza Mama Pacha.

"Kashuka," alisema mfanyakazi. "Tulimshusha kwa kiti cha magurudumu, masanduku nikambebea mimi mwenyewe. Nilimwambia angojee, labda mtafika. Akasema mwanawe anamjua, hafiki kwa wakati hata aitwe na nani, na kuliko apelekwe huko majini peke yake ni bora awangojee chini."

Mama Pacha alikwenda dirishani. Kule chini, kwenye kivuli cha rundo la mizigo, Bibi alikuwa ameketi juu ya sanduku, mwavuli mkononi.

"Twende!" alisema, na alikuwa ameshatoka.

"Nakuja," alisema Baba Pacha. "Nitazame tu kama kabatini hajaacha kitu."

Mama Pacha aliisikia hiyo nakuja. Angeweza kurudi kumvuta mkono. Alishuka ngazi mbili mbili.

"Kushuka unaweza," alisema mlinzi, kamba ya mwisho ya ngazi ikiwa bado haijafunguliwa. "Kupanda tena hapana. Umeelewa, Mama?"

"Nimeelewa."

Alipokanyaga nchi kavu, nyuma yake ngazi ilitoa mlio, ikaanza kuondoka.

Bibi alimwangalia akija, akasogea kidogo kwenye sanduku kumpa nafasi.

"Nimekuona ukipita," alisema. "Umekimbia mbele yangu hapa kama mbuzi aliyefunguliwa. Nimekuita."

"Sikusikia, Mama."

"Ulikuwa na mwanamume. Nani yule?"

"Mwanao."

"Wacha utani. Mwanangu hawahi."

Mama Pacha alikaa. Alikuwa anahema na hakuweza kueleza. Alinyoosha kidole tu. Juu kabisa, kwenye ukingo wa meli, Baba Pacha alikuwa ametokeza, soksi moja mkononi, akitazama mahali ngazi ilipokuwa.

Bibi alikinga macho kwa mkono.

"Amewahi," alisema.

"Amewahi, Mama."

"Na sasa anakwenda peke yake."

"Bandari inayofuata ni keshokutwa. Tutapanda gari, tutamkuta."

Honi ya meli ililia, na maji kati yao yakaanza kupanuka. Baba Pacha aliita kitu, upepo ukakichukua.

"Amesema nini?"

"Nafikiri anaulizia suruali zake."

"Nimezikalia," alisema Bibi. Akafungua pakiti ya biskuti, akampa mkwe wake mbili, naye akabaki na moja. "Wewe ulikuwa umeshapanda, siyo? Ulikuwa ndani kabisa."

"Ndiyo, Mama."

Bibi alitafuna, akitazama mbele. Baadaye alimkabidhi mkwe wake mwavuli aushike, jambo ambalo hakuwahi kumruhusu mtu yeyote, akaanza kumpigia kelele mpagazi aliyekuwa anapita aje na toroli.