Mkanda wa Bosi

Fundi Vioo alikuwa amelaza kioo cha dirisha mezani na kukipiga mstari kwa kikatio, simu ilipotetemeka mfukoni mwake. Aliweka kikatio chini, akamwomba radhi mteja, akapiga goti. Chini ya meza mbwa wake, Bosi, alikuwa ameanza kukakamaa. Fundi alisogeza mbali vipande vya kioo, akamlaza mbwa ubavu, akamwekea gunia chini ya kichwa, akangoja. Miguu ya mbwa ilikimbia papo hapo ilipo. Povu likamtoka, mkojo ukamtoka, kisha akatulia na kuukodolea ukuta macho kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake.

"Pole, Fundi," mteja alisema.

"Tumeshapoa."

Mtaa mzima ulijua kwamba Bosi ana kifafa. Watu walimuulizia yeye kabla ya kuulizia bei. Mwenye duka la mkabala, aliyeitwa Mama Soda, alimtunzia mifupa. Shingoni Bosi alivaa mkanda mweusi wenye kidude kidogo kilichofuatilia mapigo ya moyo na mitikisiko ya mwili, kikapeleka habari kwenye simu ya Fundi. Watu walikuja kuutazama, wakasema mbwa huyu amepata wazazi.

Ambacho mtaa haukukiulizia ni chumba cha nyuma. Humo aliishi binti mdogo wa Fundi, ambaye mtaa ulijua yuko mbali masomoni. Kifafa kilikuwa chake. Alianza kuanguka angali anavaa sare za shule, na siku moja alianguka dukani mbele ya wateja, akaenda chini pamoja na kioo kikubwa cha kabati. Hakuumia sana. Aliyeumia ni baba yake, maana watu walitazama. Wiki ile ile akatangaza kwamba binti amepata nafasi ya masomo, na binti akahamishiwa chumba cha nyuma na kitanda chake.

Bosi aliletwa akiwa mdogo ili alinde duka, lakini mwenyewe alichagua kulala mlangoni kwa binti. Siku moja binti alisikia ile harufu ya mpira unaoungua ambayo humjia kabla ya kuanguka. Alijilaza sakafuni kama alivyozoea, akangoja. Hakuanguka. Nje ya mlango, mbwa alianguka badala yake. Tangu hapo mbwa ndiye aliyeanguka, na binti akawa mzima. Mama yake alifungua mlango, akamtazama huyu, akamtazama yule, akasema, "Afadhali," akaenda kumchemshia Bosi nyama.

Mkanda uliletwa na daktari wa mifugo, mtu mpole mwenye buti za mpira. Aliporudi kusoma yale uliyokusanya, alikaa juu ya kreti, akapitisha kidole kwenye simu kwa muda mrefu.

"Mapigo haya si ya mbwa," alisema. "Ni ya mtu. Msichana, naona. Hana raha."

"Ndiyo hayo hayo," alisema Fundi.

"Basi dawa angepewa mwenyewe. Kifafa chake ni cha kawaida kabisa, hospitali wana vidonge. Nikimtibu mbwa, namsaidia tu kubeba."

"Mwenyewe yuko masomoni."

Daktari aliutazama mlango wa nyuma, uliokuwa na komeo kwa nje. "Masomo ni kitu kizuri," alisema, akaandika dawa ya mbwa, maana hiyo ndiyo kazi yake.

Kwa kuwa sasa alikuwa mzima, binti aliomba kutoka. Aliomba kwa adabu, wakati baba yake alipompelekea maji ya kuoga.

"Shikamoo, baba. Siumwi tena. Nitoke basi, hata nifagie duka."

"Marahaba, mwanangu. Utoke utokee wapi? Juzi tu nimemwambia Mama Soda umefaulu mtihani. Unataka nionekane mwongo?"

"Nimefaulu mtihani gani?"

"Wa hesabu," alisema baba, na kwa kweli aliona fahari kidogo.

Mama, aliyekuwa nyuma yake na sahani, aliongeza kwamba asiwe na haraka, kusoma kuna mwisho wake.

Bosi akazidi kukonda. Mkanda ukaanza kumpwaya. Simu ilitetemeka asubuhi, ikatetemeka tena kabla chai haijapoa. Alijing'ata ulimi, akasahau beseni lake la maji liko wapi, akawa anasimama katikati ya duka akisubiri kuelekezwa. Binti alimsikia kupitia mlango. Alijua kila kinachompata, kwa sababu kilikuwa chake: misuli iliyochoka, kichwa kizito, aibu ya kuamka umelowa. Hilo lilimvunja moyo kuliko komeo.

"Baba, nipeleke hospitali," alisema. "Nikipata dawa, Bosi atapumzika."

"Hospitali kuna foleni, na kwenye foleni kuna majirani."

"Atakufa, baba."

"Tutaleta mwingine."

Binti alilia, na alilia kwa sauti, mpaka Fundi akalazimika kuwasha mashine ya kusaga kingo za vioo ingawa hakuwa na kioo cha kusaga.

Jioni Mama alipoingiza chakula, Bosi alijikokota akaingia naye. Mlango ulipofungwa, binti alimvua mkanda. "Basi, Bosi," alimwambia. "Umenitosha. Nirudishie changu." Mbwa alikataa. Aliukalia mkanda na kuugeuzia ukuta uso. Binti alimbembeleza kwa muda, kama unavyombembeleza mtoto anayeng'ang'ania kubeba ndoo isiyo saizi yake. Mwishowe Bosi alimlamba kiganja, akasimama kwa miguu yote minne bila kuyumba, akaenda kulala mlangoni.

Binti aliuzungusha mkanda kwenye kifundo cha mkono wake na kuukaza. Kwa muda mrefu alikuwa akisikia jinsi baba yake anavyoacha kazi, anavyopiga goti, anavyosogeza vioo na kungoja. Alifikiri kwamba simu ikimwita, baba atakuja. Alilala na tumaini hilo, na hakuwa na jingine.

Asubuhi duka lilikuwa na watu. Mama akachomoa komeo, akaacha chai na kumtoa Bosi, akarudisha komeo, akaenda sokoni. Bosi alipita katikati ya wateja akitikisa mkia, akapokea mfupa kwa Mama Soda aliyesimama kati yao, akaanza kuutafuna. Simu ikatetemeka. Fundi aliweka kikatio chini, akaomba radhi, akapiga goti na kuchungulia chini ya meza. Hapakuwa na kitu ila gunia. Bosi alikuwa ameuacha mfupa na kwenda mlango wa nyuma, na alikuwa akiukwaruza kwa kucha. Ndani, kitu kilikuwa kikigonga sakafu kwa haraka.

"Kuna nini?" mteja mmoja aliuliza.

Fundi alibaki amepiga goti kidogo, mkono mmoja sakafuni. Kisha akainuka, akajipangusa vumbi. "Ni Bosi," alisema. "Ameanguka."

Wote walimtazama Bosi, aliyesimama mbele yao akikwaruza mlango, macho maangavu, hana povu wala mkanda. Mama Soda aliutazama mlango, akamtazama mbwa, akamtazama Fundi.

"Maskini," alisema. "Mnyama huyu anateseka." Akarekebisha mkoba begani. "Na yule wa masomoni, hajambo?"

"Hajambo. Anasoma sana."

"Mungu amsaidie."

Simu ilitetemeka tena, na Fundi akaizima. Sakafu iliendelea kugongwa, na wateja wakapandisha sauti kidogo ili wasikizane.