Kisanduku Kisichopiga Hodi

Komeo la mlango liligonga mara moja, taratibu, jogoo hajawika. Bibi Bertha akamvuta mjukuu wake Faith karibu zaidi. Kifua cha mtoto kilikuwa kinapiga filimbi, na dawa yake ya pumu ilikuwa imekwisha. Muuza dawa alisema kwenye simu kwamba angetuma nyingine kwa gari dogo la vifurushi. Bibi alikuwa anamsubiri dereva.

Lakini dereva angepiga hodi. Eustaki wa bodaboda, aliyewaletea dawa kabla ya vigari hivyo kuingia mtaa wao wa Mazwi, alikuwa akianza kukohoa tangu kwenye uzio, akaita hodi, akangoja aambiwe karibu. Bibi Bertha alilelewa kijijini Kate, na kwao kinachokuja gizani bila hodi hakifunguliwi wala hakisemeshwi.

Akachungulia dirishani. Kisanduku cheupe chenye magurudumu, taa nyekundu ikipepesa. Mtu hakuna. Kiligusa mlango tena, kikatulia kama kinachosikiliza. Bibi akazuia pumzi. Ya Faith haikuzuilika, ilijaa chumba kizima.

Kisanduku kikageuka, kikaenda zake.

“Bibi… dawa… imekuja?”

Hapo ndipo alipoelewa ni nini alichokifungia mlango. Akajitupia blanketi, akatoka mbio kwenye baridi. Taa nyekundu ikapinda kona, ikapotea. Akasimama katikati ya njia. Nyuma yake hakuisikia tena ile filimbi, na hakujua kama ni umbali au ni nini. Akarudi akikimbia, akiita jina la mtoto.

Faith alikuwa ameketi, midomo imepauka, mabega yakipanda na kushuka.

Ndipo pikipiki ikazima nje, mtu akakohoa. Mlango ulikuwa wazi, ila Eustaki alisimama kizingitini, tope hadi magotini, kisanduku kifuani.

“Hodi, Bibi. Nimekikuta mtaroni, kina jina lako.”

Kile kidude kilimnyang'anya wateja, angeweza kupita tu. Bibi akabonyeza juu yake namba ya siri aliyotumiwa na muuza dawa kwenye simu, kifuniko kikafunguka. Faith akavuta dawa, akavuta tena. Eustaki hakuondoka. Aliwasha jiko, akabandika maji, akangoja mpaka filimbi ikapungua.

“Shikamoo, Bibi,” alisema mwishowe. “Huyu mwenzangu hana adabu, hata kuamkia hajui.”

“Marahaba. Basi wewe unayejua, mwanangu, kesho pita tena.”