Rangi Haijakauka

Idara ya maji ilikuwa na bomba moja uwani, na bomba hilo lilivuja mchana na usiku. Mkurugenzi alilipita kila asubuhi akipandisha suruali kidogo asilowane, kisha akapanda ngazi kwenda kuwaongoza watu wa kuziba mivujo ya wenzao. Kwa hiyo fundi hakushangaa aliposikia kwamba bwana huyo huyo, aliyeshindwa na tone linalodondoka mbele ya pua yake, sasa amejipa kazi ya upelelezi wa oili.

"Nimeitwa mwizi, shemeji," alisema dereva.

Dereva alikuwa mdogo wa marehemu mke wa fundi. Uwani walimwita Taratibu, kwa sababu hata akiendesha gari tupu kwenye barabara tupu alikwenda kama aliyepakia mayai. Alisimama mlangoni mwa karakana ameshika kofia kwa mikono miwili, utadhani amekuja kuposa.

"Mwizi wa nini?"

"Oili ya giaboksi. Kila nikirudi safari ndefu nakuta imepungua, naongeza. Kiyoyozi amekuja kukagua sakafu ninapolaza gari, kavu. Akasema oili haina miguu. Kama haipo sakafuni, basi ipo kwenye madumu nyumbani kwangu. Barua ya kunifukuza imeshachapwa. Saa nane anaitia sahihi."

Kiyoyozi ndiye mkurugenzi. Jina hilo alipewa kwa kuwa hakai nje ya chumba cha baridi zaidi ya dakika tano, na pia kwa kuwa hupuliza kutwa nzima bila kutoa kitu cha kushikika.

Fundi aliweka spana chini. Ilikuwa saa tatu.

Gari lenyewe lilikuwa kubwa, jeupe, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, na fundi alikuwa hajaligusa kwa miezi saba. Aliapa. Mkewe alipozidiwa, mchana kweupe, alipanda ngazi za ofisi mbili mbili kwenda kuliomba limkimbize mgonjwa hospitali. Lilikuwa hapo hapo uwani, linapakwa rangi kwa ajili ya mgeni mkubwa aliyekuwa anakuja kukagua. Kiyoyozi hakuinua hata macho. "Rangi haijakauka," alisema. "Likitoka sasa litashika vumbi." Fundi akahangaika barabarani mpaka akapata lori la mchanga. Mgeni mwenyewe hata hakutokea. Alipiga simu kusema yuko semina.

Ndani ya lori lile, kichwa kwenye paja la mumewe, mke alisema neno moja la maana kabla hajanyamaza kabisa: "Mdogo wangu usimwache. Yule hajui kugombana na watu." Dada mtu alimjua mdogo wake.

Baada ya hapo fundi akawaambia waziwazi, gari lile pelekeni kwingine. Wakalipeleka gereji ya mjini, gereji ya mafundi wenye kola. Hao walibadilisha sili, zile pete za mpira zinazozuia oili isitoke pale shafti, ule mti wa chuma unaozungusha magurudumu, inapochomoza. Wakabadilisha mara ya pili. Mara ya tatu wakaandika ripoti ya kurasa nne: sili ni mpya, sili ni nzima, kwa hiyo oili haiwezi kuvuja. Fundi aliishia darasa la nne, lakini hata yeye alijua kwamba oili haisomi ripoti.

"Jana ulikwenda wapi?" aliuliza.

"Kule kwenye visima. Kwenda na kurudi kutwa nzima."

"Uliporudi, uvungu ulikuwaje?"

"Sikuangalia, shemeji. Si unaoshwa."

"Unaoshwa uvungu?"

"Kila jioni kabla gari halijalala. Amri. Tangu ile ya kupaka rangi."

Fundi alicheka kwa pua. "Uchafu ndio shahidi wa fundi. Nyie kila jioni mnamwogesha shahidi kwa sabuni, asubuhi mnakuja kumuuliza aliona nini! Na bosi wenu anapiga magoti kwenye sakafu iliyopigwa deki, anasema pakavu. Mtu ana digrii mbili yule. Moja angempa kuku."

Alikwenda stoo kuomba tambara. Mama Stoo, mwanamke mnene mwenye funguo nyingi kuliko milango, alimsukumia fomu.

"Tambara lina fomu siku hizi, fundi. Sahihi tatu."

"Za nani?"

"Yako, yangu, na ya mkurugenzi."

"Naomba tambara la kumwokoa mtu ambaye mkurugenzi anataka kumfukuza, halafu sahihi aweke mkurugenzi?"

Mama Stoo alitazama huku na huku, akavua kitambaa alichofunika kiti chake, akamrushia. "Chukua. Mimi sijakuona. Kingine?"

"Poda."

"Poda ya nini?"

"Ile unayojipaka."

"Haya makubwa! Poda ya uso wangu ukapake makalio ya gari?" Lakini alikuwa anafungua mkoba huku akisema. "Ukirudisha kopo tupu, utaninunulia la maana, siyo haya ya kwetu sie."

Fundi aliingia uvunguni. Kulikuwa kweusi, kunang'aa kama viatu vya askari wa gwaride. Kiyoyozi aliamuru chini papakwe rangi nyeusi ya kuzuia kutu, ili mgeni, kama angejisikia kuinama, aone usafi. Nani aliwahi kumwona mkubwa akiinama!

Alianza na injini, maana oili ya injini hupeperushwa nyuma na upepo, giaboksi ikasingiziwa. Injini ilikuwa kavu. Akafungua bolti ya kujazia giaboksi, akatia kidole: oili ilikuwa imeshuka karibu pingili mbili. Akainusa. Harufu ile kali kama ya yai viza, oili ya giaboksi yenyewe, haina ubishi. Akajaza mpaka ikafika ukingoni, akafunga, akafuta kila kiungo kwa kitambaa cha Mama Stoo. Kisha akapaka poda giaboksi nzima, kila mshono, kila bolti, kila shafti inapochomoza, mpaka chuma kile kikafanana na bibi harusi aliyekosa wa kumshauri.

"Pakia mabomba ya chuma nyuma," alimwambia dereva. "Tunapanda kilima cha machimbo. Nataka liteseke."

Walipanda mara mbili. Mara ya pili kwa gia ya chini, magurudumu yote manne yakikwangua kokoto, injini ikilalama. Huko juu fundi alitandika boksi lililopasuliwa, akalala chali, akachungulia.

Poda ilikuwa imesema. Nyuma, pale inapochomoza shafti ya magurudumu ya nyuma, palikuwa na mchirizi umelowana. Na mbele, kwenye shafti ya magurudumu ya mbele, mchirizi mwingine, mpya vilevile, unameta.

"Umeona?" dereva aliuliza, amechuchumaa kando ya gurudumu.

"Zote mbili zinatoa. Ya mbele na ya nyuma."

"Basi wale wa mjini walitufungia sili mbovu."

"Hapana. Wale ni wapumbavu, si waongo. Sili moja ikivuja, ina ubovu wake. Mbili mpya zikilia kwa pamoja, ujue kuna anayezikaba."

Giaboksi ikipata moto, hewa iliyomo ndani huvimba, na hewa iliyovimba lazima ipate pa kutokea. Kwa hiyo juu yake huwekwa kifuniko kidogo kama kifungo cha koti, mafundi hukiita briza, kinachocheza kikaiachia hewa ipite. Kisipocheza, hewa husukuma oili kwa nguvu, na oili hutafuta mlango mwingine. Gari likipoa, hewa hunywea, sili hutulia, tone halidondoki. Sakafu kavu! Mpelelezi anafurahi.

Fundi alipenyeza mkono kati ya bodi na giaboksi, mahali pasipofika jicho, vidole peke yake. Chuma kilikuwa kinaunguza. Alipapasa mpaka akakipata kile kifungo. Akakisukuma kwa upole. Hakikutikisika. Akakikwaruza pembeni kwa ukucha, mbali na tundu, akatoa mkono na kuutazama.

Kwenye ncha ya kidole palikuwa na gamba la rangi nyeusi, dogo kama gamba la samaki.

Aliijua rangi hiyo. Aliijua na siku yake, na saa yake. Waliopaka walipuliza kila kitu kilichokuwa chini ya gari, kipumuacho na kisichopumua, kwa sababu waliambiwa wafanye haraka. Na rangi hii ndiyo iliyokuwa haijakauka.

"Shemeji? Umeungua?"

Fundi alilitia lile gamba kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. "Sijaungua," alisema. "Washa gari. Na leo usiwe Taratibu. Nataka giaboksi ifike na moto wake."

Dereva aliendesha kwa mwendo ambao kwake ulikuwa wazimu, na kwa watu wengine ulikuwa wa kawaida.

Ilikuwa imebaki robo saa. Fundi alipanda ngazi za ofisi mbili mbili, kama siku ile, akaingia bila kubisha. Barua ilikuwa mezani, kalamu juu yake.

"Mzee, unachafua zulia," alisema Kiyoyozi.

"Nimeupata uvujaji, mkubwa."

"Vizuri. Andika ripoti."

"Ripoti iko uvunguni. Inapoa. Ikipoa haisomeki."

"Mimi niingie uvunguni?"

"Uliweza kuinama kutafuta wizi. Kulala kutafuta ukweli unashindwa?"

Pengine Kiyoyozi angekataa, lakini mlango ulikuwa wazi, na Mama Stoo alikuwa amesimama nje na wahasibu wawili, wote wakimtazama. Mkubwa huogopa kutazamwa kuliko kuungua. Akavua koti, akashuka, akalala juu ya boksi kama mtu anayewekwa kaburini, tumbo likitangulia kwenda juu. Fundi akajilaza kando yake na bisibisi.

"Angalia mbele. Umeona maji maji kwenye poda? Angalia na nyuma. Hii ndiyo oili iliyokuwa kwenye madumu. Sasa sikiliza."

Akapenyeza mkono, akachokoa ile rangi juu ya briza kwa ncha ya bisibisi.

Fyuuuuu!

Giaboksi ilipumua pumzi ya miezi saba. Ukungu wa oili ya moto ukamwagikia shati jeupe la mkurugenzi, na ile harufu ya yai viza ikamwingia puani. Akapiga kelele, akataka kuinuka.

"Usiinuke!" fundi alimwambia. "Bomba la moshi liko juu ya pua yako, na lina moto."

Kiyoyozi aliganda, mikono kifuani. "Nitoeni!"

"Wa kukuvuta miguu utoke ni dereva," fundi alisema, akijitoa polepole upande wake. "Lakini huyo ni mwizi. Labda umuulize kama mikono yake inakufaa."

Taratibu alisimama penye viatu vya mkurugenzi. Hakujua kugombana na watu. Alishika tu kofia yake.

"Vuta!" ilitoka sauti uvunguni.

"Na barua, mkubwa?" aliuliza Mama Stoo kwa adabu kubwa sana.

"Hakuna barua! Ichaneni! Vuta, kijana!"

Dereva akamvuta, taratibu. Mama Stoo mwenyewe akapanda juu kwenda kuichukua barua, na uwani kote walisikia inavyochanika, maana aliichania dirishani.

Kiyoyozi aliposimama alikuwa na mistari ya oili kama punda milia. Kitu cha kwanza alichotafuta hakikuwa maji, kilikuwa mtu wa kumlaumu. "Nani alipaka rangi pale? Nani huyo mzembe? Namtaka leo!"

Fundi alielekeza kidole kwenye ubao wa matangazo. Karatasi ya ile amri ya kupaka rangi ilikuwa bado ipo, imechakaa pembe. Aliisoma kwa kufuatisha kidole, neno baada ya neno, kwa sauti: "Gari... lipakwe... lote. Panapoonekana... na... pasipoonekana. Bila... kuchelewa." Alifika chini akaacha kidole hapo. "Hapa kuna sahihi. Mimi kusoma sahihi za wakubwa sijui. Nisomee wewe."

Mkurugenzi aligeuza uso, akaanza kujipangusa shati.

Fundi akafungua mfuko wa shati, akatoa lile gamba jeusi, akaliweka kwenye kiganja cha Kiyoyozi na kuvikunja vidole vyake juu yake, kimoja kimoja, kama anayempa mtoto kitu asikipoteze.

"Imekauka, mkubwa," alisema. "Sasa gari linaweza kutoka."

Akanawa mikono kwenye bomba linalovuja, ambalo halina haja ya kufunguliwa. Kesho yake asubuhi ubaoni palikuwa na karatasi mpya: kufuatia uchunguzi wa kina uliofanywa na ofisi ya mkurugenzi, ni marufuku kuosha uvungu wa magari. Taratibu aliisoma, akaguna.

"Shemeji, hii anasema ameigundua yeye."

"Mwache," fundi alisema, akitandika boksi lake chini ya lile gari jeupe. "Si alikuwepo? Hebu nipe spana."