Picha Nyuma ya Saa ya Baba

Baba yao alikuwa na saa ya mfukoni ya dhahabu, ya kizamani, yenye mkufu, na aliivaa hata akienda kununua mkaa. Aliwaambia wanawe ameirithi kwa babu yake. Aliyetaka kujua zaidi alijibiwa, "Umeona wapi urithi una risiti?" na mazungumzo yakaishia hapo.

Alipofariki, mama alimkabidhi saa hiyo binti yake mkubwa, mpiga picha. "Chukua wewe," alimwambia. "Wenzako hawa wataiangusha chooni."

Saa yenyewe ilikuwa imegoma. Siku moja mpiga picha akafunga studio mapema, akampitia mdogo wake, ambaye tangu utotoni walimwita Boflo, yaani mkate, kwa ajili ya mashavu yake, wakaenda kwa fundi saa.

Fundi alikuwa na kichumba chini ya ngazi za jengo la maduka. Ukuta mzima ulijaa saa, na kila moja ilikwenda kivyake.

"Kati ya hizi zote, ipi inasema kweli?" Boflo akauliza.

"Ya simu yangu," fundi akajibu bila kucheka. Akabana kioo chake jichoni, akafungua kifuniko cha nyuma. Kisha akachukua kisu chembamba na kubandua kifuniko kingine, cha ndani, ambacho ndugu wale hawakujua kama kipo. Hapo ndipo alipocheka.

"Kumbe mwenyewe umo humu! Umependeza, dada. Nani alikupiga picha?"

Mpiga picha alidhani ni utani. Boflo ndiye aliyeinama wa kwanza kuangalia. "Dada, lini ulisuka nywele hivi?"

Mpiga picha akaichukua saa. Ndani yake palikuwa na picha iliyokatwa duara, imegeuka rangi ya chai. Uso ulikuwa wake. Paji la uso lake, mwanya wake, hata lile jicho la kushoto lililo dogo kidogo kuliko mwenzake, ambalo yeye hulificha kwa kugeuza uso kila anapopigwa picha. Nyuso za watu ndizo zilizokuwa zikimlisha. Kutwa alikuwa akiwaambia inua kidevu, legeza midomo. Hakuweza kukosea uso. Na hakuwahi kukaa kupigwa picha ile. Karatasi ya namna hiyo iliacha kutumika kabla yeye hajajua kushika kamera. Begani kwa yule mwanamke palikuwa na mkono wa mwanamume, umekatwa kwenye kifundo, na ncha ya shati la harusi.

Akamrudishia fundi saa.

"Funga," alisema.

"Na matengenezo?"

"Funga tu, fundi. Tafadhali."

Nyumbani walimkuta mama jikoni, ameketi kwenye kigoda, anachambua maharage. Mpiga picha hakusalimia. Alifungua saa, vifuniko vyote viwili, akamwekea machoni.

Ungo ukamponyoka mama. Maharage yakatawanyika hadi chini ya kabati. Alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na maneno yake ya kwanza hakumwambia mtu yeyote aliyekuwa mle jikoni.

"Alisema zimekwisha."

"Nini zimekwisha, Mama?"

"Picha. Tulizichoma wenyewe hapo uani, mimi na baba yenu. Nilimwomba. Akaniapia hakubakisha hata moja."

Maisha yake yote mpiga picha aliambiwa kuwa picha za zamani ziliharibiwa na mvua, paa lilipovuja. Akaigonga picha kwa kidole.

"Huyu ni nani?"

Mama aliteremka kwenye kigoda, akakaa sakafuni katikati ya maharage.

"Dada yangu."

"Wewe una dada?"

"Nilikuwa naye. Ndiye aliyekuzaa."

Boflo, ambaye hata msibani hakosi la kusema, alipiga magoti akaanza kuokota maharage, punje moja moja.

Basi mama akaeleza, macho yake hayabanduki kwenye ile picha. Saa haikuwa ya babu yeyote wa upande wa baba. Ilikuwa ya baba yake yeye, dereva wa treni, aliyezawadiwa siku alipostaafu. Hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo siku bintiye mkubwa alipoolewa, aliivua kifuani pake akamvisha mkwewe, ndiye baba yao, mbele ya watu.

"Harusi ya dada, siyo yangu," alisema mama. "Yangu haikuwa na saa. Yangu nilikuwa nimekubeba wewe mgongoni. Dada hakuinuka kitandani baada ya kukuzaa. Nikaja kusaidia kwa muda, na wewe hukukubali mkono mwingine. Ukaanza kuniita Mama. Nikasema, basi, iwe hivyo. Nikaogopa siku utakayoiona sura yako kwa mtu mwingine."

Akaigusa picha kwa ncha ya kidole, akashtuka kana kwamba imemuunguza.

"Kila asubuhi mimi ndiye niliyempa saa hii. Naifuta kwa kitambaa, nampa mkononi. Kila asubuhi! Kumbe nampa dada."

Mpiga picha alitaka kumwonea huruma, lakini kilichomtoka mdomoni kilikuwa kingine. "Kwa hiyo wewe ni mama mdogo."

Mama alirudisha kichwa nyuma kama mtu aliyepigwa kofi. Bintiye akatoka, mlango akauacha wazi.

Siku zilizofuata alilala studio, juu ya benchi la wateja. Mteja anakaa, anainua kidevu, anangoja mpaka shingo inauma, na mpiga picha amesahau kubonyeza. Mwishowe Boflo akamfuata.

"Mimi sasa ni nani kwako?" akauliza, akijaribu kutabasamu.

"Mdogo wangu. Kwa baba, na kwa mama mdogo pia. Udugu mara mbili."

"Basi usinikimbie mara mbili. Mama hali chakula. Anataka umpeleke kaburini kwa dada yake. Hajakanyaga huko tangu wamzike."

Walikwenda watatu. Mama alikuwa amebeba panga ndani ya mfuko, maana alijua watakuta pori. Walipofika, akasimama ghafla. Majani yalikuwa yamekatwa, jiwe limepakwa chokaa, na jina la dada yake limekolezwa rangi nyeusi, herufi kwa herufi.

Mtunza makaburi akawasogelea na ufagio wake. "Nyie ni watu wa yule mzee wa saa? Mbona siku hizi haonekani? Alikuwa akija anakaa hapo, anafungua saa yake, anaongea peke yake mpaka jua linapoa."

Boflo akasema, "Mzee amefariki."

"Loo. Poleni sana."

Mama akaligusa jiwe kwa kiganja. "Aliniaga anakwenda kwenye kikao cha wastaafu," alisema. "Mimi nampigia shati pasi. Nampa na mwavuli." Akamgeukia mpiga picha, macho yamemtoka. "Ningekuja naye. Angeniambia tu, mwanangu, ningekuja naye."

Mpiga picha alimshika mkono.

Kisha mama akajinasua taratibu, akamnyooshea mkono mtunza makaburi.

"Baba, niazime huo ufagio."

"Mama, pamefagiliwa tayari," mpiga picha akamwambia.

"Naona."

Akampa bintiye mfuko amshikie, akainama, akaanza kufagia kuanzia kwenye jiwe.